Mtoto Anayeziba Masikio: Somo juu ya Usonji na Milango ya Fahamu

Wapendwa katika Bwana, tunawasalimu ninyi nyote mlio hapa Bulembia, mlio Kasese mjini, na ninyi wa Bwera na Mpondwe karibu na mpaka. Tunawasalimu pia jamaa ambao mto Nyamwamba uliwaondoa nyumbani kwao, na wale waliovuka kutoka Kongo wakiwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani.

Somo la mwezi huu linahusu watoto fulani walio katikati yetu. Kwaya ikianza kupiga ngoma, mtoto wa namna hii huziba masikio na kukimbia nje. Ukimvalisha sweta, analivua hata kama baridi ya mlimani inauma. Posho anakula, lakini ukimwagia mchuzi juu yake hagusi tena sahani. Ukimwita jina hageuki, lakini mtu akifungua karatasi ya biskuti chumba cha pili, anafika mbio. Majirani wamempa majina mengi: mkaidi, bubu, aliyerogwa, mwenye pepo. Wako watoto wa namna hii wanaofungwa kamba mguuni mchana kutwa, na wako wanaofichwa nyuma ya nyumba wageni wakija.

Shabaha ya somo ni kujua jinsi mwili wa mtoto mwenye usonji unavyopokea sauti, mwanga, mguso, harufu na ladha, ili tusimwadhibu kwa jambo ambalo kwake ni maumivu. Neno kuu la somo ni hili: kabla ya kumrekebisha mtoto, chunguza kwanza mahali alipo.

1. Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Hospitalini wengine huiita otizimu. Mtoto huzaliwa nayo, lakini dalili mara nyingi huonekana wazi kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, wakati wenzake wanapoanza kuongea, kuonyesha vitu kwa kidole na kucheza pamoja. Usonji hauambukizi. Wako wenye usonji wasioongea kabisa, na wako wanaoongea vizuri na kufika chuo kikuu. Tena, mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji. Kwa hiyo tunaposema juu ya watoto, tuwakumbuke pia baba au dada aliye kati yetu ambaye siku zote husimama nje ya kanisa karibu na mti, na hatujui sababu.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeeleza hali hii kwa kirefu mwaka 1943, akiandika juu ya watoto 11. Hata wakati ule aliona kwamba baadhi yao walitishwa sana na kelele za vyombo vya nyumbani. Hata hivyo, kwa miaka mingi wataalamu waliweka mkazo katika kuongea na kushirikiana na watu, na jambo la fahamu likabaki pembeni. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kiliandika upya kitabu chake cha kutambua magonjwa, na humo kuhisi kupita kiasi au kuhisi kidogo mno kukaingizwa wazi kati ya dalili za usonji.

Wako wanaosema usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Mtafiti Victor Lotter alipita katika miji kadhaa ya Afrika akitafuta watoto wa namna hii, Kenya ikiwa kati ya nchi alizofika, na mwaka 1978 alichapisha habari zao. Hapa Uganda, daktari wa watoto Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzake walitengeneza maswali ya kuwauliza wazazi ili kuwatambua watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2014. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Basi kanisa lenye waumini mia chache halina sababu ya kushangaa likiwa na wawili au watatu.

Tuseme pia usonji hauletwi na nini. Hauletwi na mama kutompenda mtoto. Maneno hayo yalisemwa na baadhi ya wataalamu wa Ulaya na Marekani katikati ya karne iliyopita, yakawaumiza akina mama wengi, kisha yakakataliwa. Hauletwi na chanjo. Makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998 ikihusisha chanjo ya surua na usonji iliondolewa na jarida lenyewe mwaka 2010, na aliyeiongoza akafutwa katika orodha ya madaktari. Wazazi, msiwanyime watoto chanjo kwa hofu hiyo. Mahali ambapo watu wamebanana kama tunavyoishi sisi, surua huua.

2. Milango ya fahamu

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Wataalamu huongeza mingine mitatu. Wa kwanza ni usawa wa mwili, ambao kiungo chake kiko ndani ya sikio. Huo ndio unaokuambia kwamba unazunguka au unaanguka. Wa pili uko katika misuli na maungio, nao hukuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Wa tatu ni wa habari za ndani ya mwili: njaa, kiu, joto, kujaa kibofu, moyo kwenda mbio.

Milango hii huingiza habari nyingi mno kila dakika. Ubongo hauwezi kuzishughulikia zote sawasawa, kwa hiyo huweka mlinzi mlangoni. Mlinzi huyu huruhusu zenye maana na kuzizuia nyingine. Fikiri soko la Mpondwe siku ya mnada: pikipiki zinapiga honi, wauzaji wanaita, redio inaimba, samaki wananuka, jua linamulika juu ya mabati, watu wanakugusa mabega. Wewe katikati ya hayo yote unasikia bei ya maharage na kumjibu muuzaji. Hukufanya bidii yoyote. Mlinzi wako amefanya kazi.

Mlinzi huyo pia huzoea. Mgeni akilala Kilembe usiku wa kwanza, husikia mto ukivuma juu ya mawe hadi alfajiri. Baada ya siku kadhaa hausikii tena, ingawa mto haukunyamaza. Ndivyo ilivyo hata kwa nguo: ukivaa shati asubuhi, baada ya muda mfupi husikii tena kwamba liko mwilini.

Kwa wengi wenye usonji, ingawa si wote, mlinzi huyu hufanya kazi kwa namna nyingine. Habari huingia nyingi kwa pamoja, zenye nguvu karibu sawa, na kuzoea huchukua muda mrefu. Shati la asubuhi bado linakwaruza saa sita mchana. Mbwa anayebweka mbali, mtoto anayelia nyumba ya tatu na mwalimu anayesema mbele ya darasa wote wanasikika kama wako mahali pamoja. Mtoto huyo hakosi usikivu. Anasikiliza vitu vyote kwa wakati mmoja.

Tena, ubongo hufanya kazi ya kuunganisha habari za milango mbalimbali, kama vile kuunganisha mdomo unaotembea na sauti inayotoka. Kwa wengi wenye usonji kuunganisha huku huchukua muda zaidi. Ndiyo maana wengine huweza kukuangalia usoni au kukusikiliza, lakini kufanya yote mawili pamoja huwachosha. Kwa desturi zetu nyingi mtoto anayetazama chini mbele ya mzee ana adabu, kwa hiyo jambo hili lisitusumbue. Usimshike kidevu kumlazimisha akutazame. Huenda anakusikia vizuri zaidi akitazama ukuta.

3. Mlango uliofunguka mno na mlango mzito

Kwa baadhi ya watoto mlango umefunguka mno. Mvua juu ya mabati, kinu cha kusaga, jenereta, turubai linalopigwa na upepo usiku, vyote hivi vinawaumiza. Mtoto anaweza kulia akinyolewa nywele, akikatwa kucha au akisuguliwa na jani la kuogea. Mshono wa soksi au lebo ya shingoni inamchoma. Harufu ya samaki waliokaushwa inamfanya atapike. Chakula chenye vipande ndani ya uji hakimpiti kooni. Si deko, wala si dharau kwa chakula cha mgao.

Kwa wengine mlango ni mzito, habari hazifiki upesi. Huyu anaweza kugusa jiko la mkaa asilie, akatembea na mwiba mguuni, au akapita siku nzima bila kuomba maji. Wazazi, mtoto kama huyu mkagueni mwili kila jioni wakati wa kuoga: miguu, mikono, masikio, meno. Mpeni maji na mpelekeni chooni kwa saa, msingoje aseme. Mtoto asiyelia si lazima awe mzima.

Wako pia wanaotafuta. Hao huzunguka kama pia bila kupata kizunguzungu, huruka, hupunga mikono mbele ya macho, hunusa vitu, hujisugua ukutani, huimba sauti moja kwa muda mrefu. Mara nyingi hivyo ndivyo wanavyojituliza au kuuamsha mwili. Ikiwa hawajiumizi wala hawamuumizi mtu, waacheni.

Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote matatu. Anaogopa sauti ya ngoma ya mwingine, lakini yeye mwenyewe hupiga sufuria kwa kijiko saa nzima. Watu husema, "Mbona kelele yake haimsumbui?" Jibu ni kwamba sauti anayoitoa mwenyewe anajua inaanza lini na inaisha lini. Ile ya wengine humvamia.

Milango hii haileti shida tu. Wengi wenye usonji huona mambo madogo ambayo sisi hupita bila kuyaona. Atakuambia kwamba kiti kimehamishwa, au kwamba kamba moja ya gitaa haiko sawa. Kipawa cha kutambua noti ya muziki kwa kuisikia tu kimeonekana kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Anayeikimbia spika ya kanisa huenda ndiye mwenye sikio bora kuliko kwaya yote.

4. Hatari ya maji

Hapa tunaomba kila mzazi asome polepole. Watoto wengi wenye usonji hupenda maji: jinsi yanavyong'aa, yanavyovuma, yanavyogusa ngozi. Wengi pia huondoka nyumbani kimya bila kuaga, ama kufuata kitu wanachokipenda ama kukimbia kelele. Kuzama majini ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto hawa wanapopotea. Nasi tunakaa kando ya mto Nyamwamba, ambao Mei 2013 na tena Mei 2020 ulitoka katika njia yake ukabeba nyumba na madaraja. Jamaa wa Bwera wana mto Lhubiriha.

Basi mtoto akikosekana, nendeni kwanza kwenye maji, kisha ndiyo mtafute kwa majirani. Waambieni majirani mapema kwamba mtoto huyu hajibu akiitwa. Wekeni komeo la juu mlangoni, au kengele ndogo au makopo yanayolia mlango ukifunguliwa. Wenye nafasi wamfundishe kuogelea mahali salama. Kamba mguuni si ulinzi. Humjeruhi, na nyumba ikishika moto au mto ukija usiku, humuua.

5. Anapozidiwa

Ndoo ya maji hujaa kwa matone. Asubuhi alivalishwa nguo mpya, njiani bodaboda ilipiga honi, kanisani watu ishirini walimshika mkono, kisha kinanda kikaanza. Sasa anajitupa chini, anapiga kelele, anauma mkono wake. Watu wanasema kinanda kimemtia wazimu, kumbe kinanda kilikuwa tone la mwisho.

Tofautisheni kuzidiwa na utundu. Mtoto mtundu hulilia kitu, huangalia kama unamwona, na akipewa hunyamaza. Aliyezidiwa hataki kitu, haangalii kama yuko mtu, na hata ukimpa pipi haachi. Wengine hawapigi kelele bali hunyamaza kabisa, hujikunja na kutojibu. Nao pia wamezidiwa.

Fanyeni hivi: zimeni sauti, au mtoeni taratibu hadi mahali pa kimya na kivuli. Watu waondoke, abaki mmoja anayemjua. Semeni maneno machache kwa sauti ya chini, au msiseme. Msimshike isipokuwa yuko hatarini. Ondoeni vitu anavyoweza kujigonga. Kisha ngojeni. Baadaye atachoka sana, mwacheni apumzike. Fimbo wakati huo ni kuongeza maumivu juu ya mwili ambao tayari umejaa maumivu. Atajifunza kukuogopa, na sauti ya ngoma itaendelea kumuumiza vilevile.

6. Ni usonji au ni hofu ya vita na mafuriko?

Swali hili ni letu hasa. Mtoto aliyesikia risasi, au aliyeona mto ukichukua nyumba, naye huziba masikio, hushtuka na hunyamaza. Tazameni wakati. Kama alikuwa akiongea na kucheza vizuri, akabadilika baada ya tukio, yaelekea ni jeraha la moyo. Kama tangu akiwa mdogo, kabla ya kukimbia, hakuwa akiitikia jina lake wala kuonyesha kitu kwa kidole, na milango yake ya fahamu ilikuwa tofauti, yaelekea ni usonji. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili, kwa maana mwenye usonji naye alikimbia vita. Yeye alipoteza pia mambo aliyoyazoea: kikombe chake, njia yake, sauti za nyumba yake. Kwa mtoto ambaye mazoea ndiyo yanayomsaidia kuvumilia kelele za dunia, hiyo ni hasara kubwa.

Mpelekeni kwa mganga wa hospitali, msikate neno wenyewe. Elezeni alivyokuwa tangu utoto. Ombeni kwanza masikio yake yapimwe, kwa sababu kiziwi naye haitikii jina. Elezeni kama huwa na degedege au hukodoa macho ghafla asisikie, kwa maana kifafa hupatikana zaidi kwa wenye usonji, nacho kina dawa. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Bwera kwa walio upande huo. Mkihitaji zaidi, ulizeni juu ya kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Fort Portal. Wakimbizi walioandikishwa waombe mtoto aandikwe kati ya watu wenye mahitaji maalumu, ili asisimame saa nyingi kwenye foleni ya mgao.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Anayekuuzia chupa akisema mtoto atapona kwa siku saba, anataka pesa yako.

7. Nyumbani

Kwanza, chukueni daftari. Kwa siku saba andikeni kila alipozidiwa: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, kulikuwa na sauti gani, harufu gani, nguo gani. Mkimaliza wiki, mtaona jambo linalorudi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Pili, punguzeni tone moja moja. Kateni lebo ya nguo. Geuzeni soksi mshono uwe nje. Wekeni mboga kando ya posho, zisichanganywe. Mpeni kona yake ndani ya nyumba, hata ikiwa ni nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba. Mwambieni kabla ya kumgusa na kabla ya kelele: "Sasa nitakunawisha," "Sasa kinu kitaanza."

Tatu, mwili hutulizwa na uzito na kubanwa vizuri. Yuko mama mmoja wa Marekani, Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947, mwenye usonji, ambaye alichelewa kuongea akiwa mtoto. Alitamani kukumbatiwa lakini mikono ya watu ilimzidi. Akiwa kijana alikwenda katika shamba la shangazi yake huko Arizona, akaona ng'ombe wakibanwa kwa mbao pande mbili ili wachanjwe, na baadhi yao wakitulia. Akajitengenezea kifaa cha mbao cha kujibana mwenyewe, akikaza na kulegeza kwa mkono wake, akapata utulivu. Baadaye akawa profesa wa mambo ya mifugo, na vifaa alivyobuni hutumika katika mashamba mengi. Wafugaji walio kati yetu wataelewa habari hii upesi.

Sisi hatuhitaji mashine. Mtoto anaweza kubeba kibuyu cha maji kinacholingana na nguvu zake, kusukuma toroli, kukanda unga, kuchimba bustani, au kujifunga kitenge kwa kukaza kifuani. Yeye ndiye aamue kiasi cha kubanwa, na akitaka kuacha aachwe. Kichwa kisifunikwe kamwe, wala mtoto asilaliwe juu.

8. Kanisani

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Habari hii iko Yohana sura ya 9, na inatosha kuwanyamazisha wanaouliza mama wa mtoto mwenye usonji alifanya nini. Tena katika Marko sura ya 7, walipomletea kiziwi, Yesu hakumponya katikati ya makelele. Alimtenga na mkutano kwanza, wakawa peke yao. Alichunguza mahali kabla ya kumgusa.

Kwa hiyo mtoto anayeziba masikio wakati wa sifa asizungukwe na watu kumi wakipaza sauti na kumwekea mikono kichwani. Kwake huko ni kuongeza matone katika ndoo iliyojaa. Anayetaka kumwombea amwombee kwa sauti ya chini, hata kutoka mbali. Kufunga mtoto kwa kamba, kumnyima chakula au kumpiga kwa jina la maombi, hayo yasifanyike katika nyumba yoyote ya kanisa hili. Wazee wakisikia, waingilie siku hiyo hiyo.

Tunawaomba pia haya. Mashemasi waweke benchi moja karibu na mlango, mbali na spika, kwa familia hizi. Wapiga vyombo waanze kwa sauti ya chini na kupanda polepole, na spika isielekezwe kwa watoto. Mtoto aruhusiwe kutoka na kurudi bila kukaripiwa, na kivuli cha mti kiwe sehemu ya kanisa. Anayetaka kuvaa kofia inayofunika masikio ibadani, asivuliwe. Mwalimu wa Shule ya Jumapili asimlazimishe kushikana mikono katika mchezo. Na mama anayekaa nje na mtoto huyo kila Jumapili, wengine wampokee kwa zamu ili naye asikie neno. Dakika kumi za kukaa kwa amani ni bora kuliko saa tatu za machozi.

Tarehe 2 Aprili kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kujulisha watu juu ya usonji, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la mwaka 2007. Vikundi vya akina mama na vijana vinaweza kuitumia siku hiyo kusoma tena somo hili pamoja na majirani wasio wa kanisa letu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Tajeni kelele tano zinazosikika katika ibada yetu. Ipi inaweza kupunguzwa bila kuharibu ibada?
2. Mtoto wa jirani anajitupa chini njiani. Mtu anayepita anasema achapwe. Mtamjibu nini, na mtafanya nini kwanza?
3. Ni nani katika jumuiya hii anakaa na mtoto au ndugu wa namna hii peke yake? Tutamsaidia siku gani, saa ngapi, na nani ataenda?
4. Mtoto asiyejibu jina lake akipotea leo jioni, nani ataenda mtoni, na kwa njia ipi?

Msiahirishe swali la nne. Andikeni majina ya watu wawili kabla ya kufunga kikao.

Bwana awabariki na kuwalinda ninyi na watoto wenu.